Leo Tumevunja Boma ya Stesheni

Jumapili, mwezi wa Oktoba.

Jua ni kali tangu asubuhi. Mvua bado. Mawingu yanatokea upande wa vilima vya Chyulu, yanatuangalia, yanarudi kwao.

Leo sikwenda kanisani. Naandika hivyo kwanza ili nisijifiche.

Mikono yangu imechanwa na miiba mpaka kalamu inateleza. Binti yangu Ndunge amenipaka mafuta ya mbuzi, yanawasha. Lakini nataka kuandika kabla giza halijaingia. Kesho gari ya moshi ya Mombasa ikipita, stesheni masta atasema neno lake: wanawake wanaendelea kuuza hapa, ama wanafukuzwa. Mimi nataka kuandika tulifanya nini kabla hajasema.

Mimi ni kibarua wa reli. Tunashindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba reli, tunakaza reli, tunafyeka kichaka kando ya njia. Kusoma nilifundishwa kidogo na watu wa misheni, jioni baada ya kazi. Mama yake Ndunge alikufa na homa. Tumebaki mimi na binti yangu kwa chumba cha mabati, nyumba ya reli. Mimi reli inanipa posho. Chumvi, sabuni na nguo zinatoka kwa kikapu cha Ndunge. Anauza mayai ya kuchemsha na ndizi kwa abiria. Gari ikisimama kunywa maji, wanawake wanakimbia mpaka kwa madirisha ya daraja la tatu, kila mmoja na sauti yake. Ya Ndunge inashinda zote. Hata mama yake alikuwa hivyo.

Ndugu yangu wa kijijini Kalamba ametuma neno mara nyingi. Ati msichana akae na wanawake wenzake, alime, stesheni si mahali pa mtoto wa watu. Nimekataa kila mara. Lakini akifukuzwa hapa sitakuwa na la kukataa nalo. Ataenda Kalamba kulima mchanga usio na mvua. Na mimi nitarudi kutoka kazini niongee na sufuria.

Hiyo ndiyo shida yangu. Sasa nieleze ya boma.

Wezi wanapenda stesheni. Mtu anashuka, hajulikani, anakula, anaiba, anapanda tena, amepotea. Mwaka huu walizidi. Walikuwa wanangoja kwa kile kijia kati ya maduka na reli, kichaka pande zote, wanakamata mwanamke na kikapu chake. Watu wakakasirika. Tukakutana, tukafanya vile Mkamba anafanya. Tukaita mwethya, kazi ya watu wote pamoja, wanaume wakate, wanawake wabebe. Tukajenga boma.

Boma ya miiba, kama ya ng'ombe. Ndefu kupita kichwa cha mtu. Mdomo mmoja tu, na tawi la kufungia. Wanawake wakae ndani na vikapu wakingoja gari. Kilonzo, nyapara wa genge letu, ndiye aliweka mti wa kwanza. Alifurahi sana siku hiyo. Hata mimi nilifurahi. Nilisimama nikaiangalia nikasema, sasa tuko salama.

Kumbe tumewajengea wezi nyumba.

Kwa boma ya nyumbani aliye ndani ni wako. Ng'ombe anajua ng'ombe. Fisi anabaki nje akilia. Lakini boma ya stesheni inaingia mtu yeyote. Mwizi anakuja na kikapu kitupu, anasalimia wazee, anauliza habari ya mvua, anakaa. Gari ikipiga honi wanawake wanasukumana kwa ule mdomo mmoja, na yeye anafanya kazi yake hapo kwa msongamano. Aliye nje haoni kitu. Aliye ndani hana pa kutokea.

Wiki hii ndiyo ilikuwa mbaya. Mbithe, mama wa makamo anayeuza asali, alifika mapema akaingia peke yake. Kulikuwa na mwanaume ndani amelala kando ya ua. Alimpiga, akamvunja mkono, akaenda na asali na kila kitu. Mbithe alipiga kelele. Ndunge alikuwa mbele ya duka, akasikia, akakimbia.

Jioni aliniambia.

"Baba, nilizunguka ile boma kama kuku. Namsikia hapa, mkono wangu ungemfika, lakini ni miiba. Mpaka nipate mlango, mtu ameenda."

Nililala na hilo neno. Ile miiba haikumzuia mwizi. Ilimzuia mtoto wangu asimsaidie Mbithe.

Alhamisi stesheni masta alituita. Ni Mhindi, mtu mpole, hapendi kelele. Alisimama kwa mlango wa ofisi akasema, "Kutoka dirisha yangu mimi naona miiba tu. Iko mwanamke ndani, iko mwizi ndani, mimi hapana jua. Jumatatu mimi naona watu, sawa. Hapana ona, basi. Wote wauze mbali na stesheni."

Tukatoka nje. Kilonzo akasema jambo ni rahisi. Tuongeze miiba. Boma iwe na ukuta mara mbili, na mdomo uwe mdogo zaidi.

Watu wakasema ndiyo, ndiyo. Mimi nikasema hapana.

Sipendi kuongea mbele ya watu. Maneno yalitoka mabaya.

"Hiyo boma itoke," nikasema. "Yote."

Kilonzo alicheka. "Fisi akirudi unaongeza miiba. Wewe unamfungulia mlango na kumwekea stuli?"

Watu wakacheka pia.

"Fisi habebi kikapu," nikasema. "Fisi hasalimii. Huyu anaingia kwa mlango akikaribishwa. Masta amesema anataka kuona. Ataona nini kwa ukuta mara mbili?"

"Wewe kazi yako ni kugonga reli. Nenda ugonge."

"Na kwa reli tunafanya nini na kichaka? Si wewe mwenyewe unatuamuru tufyeke pande zote mbili ili dereva aone ng'ombe kwa mbali? Unampandia dereva miiba?"

Hapo hakucheka. Lakini alikuwa na neno lingine. Alisema, "Boma ilijengwa na mwethya. Kitu ya mwethya haivunjwi na mtu mmoja. Ukiweka panga hapo peke yako, umewatukana wote waliobeba."

Ni kweli. Kwetu ni hivyo. Mwethya haina mwenyewe, kwa hivyo hakuna mwenye ruhusa. Hata kama ni mbaya, unaiacha mpaka walewale wakubali. Na wale wote walikuwa wanamwangalia Kilonzo. Ni nyapara. Ndiye anasema nani ana kazi Jumatatu na nani hana.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikala muthokoi baridi, mahindi yaliyotwangwa. Ndunge alikuwa anakunja nguo zake. Nikajua ni za safari ya Kalamba.

Ijumaa baada ya kazi nilikwenda kwa Mbithe. Amefungwa mkono na vijiti na kitambaa, anapepeta pojo na ule mwingine. Nikamwambia maneno ya Kilonzo.

Aliweka ungo chini.

"Mwethya inaitwa na nani?" akaniuliza.

"Na mwenye shida."

"Mwenye shida ni nani hapa? Ni Kilonzo? Kilonzo amevunjwa wapi?" Akainua ule mkono wa vijiti. "Hiyo miiba mlikata ninyi. Nani alibeba kwa mgongo? Mimi nilibeba. Binti yako alibeba. Mke wa Kilonzo alibeba, na alilala akitolewa miiba mgongoni wiki nzima. Nitaita mimi. Wewe noa panga."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nilikuwa nahesabu wanaume tu.

Shida ikawa siku. Jumamosi tuko kwa njia ya reli mpaka jua linashuka. Jumatatu ni gari. Ilibaki Jumapili peke yake, na wanawake wengi ni watu wa kanisa. Jumapili hawachumi hata mboga.

Jana Mbithe alikwenda mpaka kwa mwalimu wa kanisa, mbele ya watu waliokuwa wanafagia. Ndunge alikuwepo, ndiye ameniambia.

Mwalimu alisema, "Mama, siku ya Bwana ni siku ya kupumzika."

Mbithe akasema, "Ng'ombe wako akianguka shimoni siku ya Bwana, unamwacha mpaka Jumatatu?"

"Ng'ombe tunamtoa."

"Na mimi nimeanguka kwa shimo mlilochimba na panga zenu. Ama mimi si kitu kama ng'ombe?"

Ati mwalimu alikohoa sana. Halafu akasema ibada ya kesho haitakuwa ndefu.

Lakini mimi sikungoja ibada. Mbithe alishaita, basi imeitwa. Asubuhi jua likitoka nilikuwa hapo na panga na fimbo ya pembe mbili ya kusukumia miiba. Peke yangu. Kengele ya kanisa ikilia, mimi nakata. Watu wanapita na nguo safi wananiangalia. Mmoja alisema, "Huyu ameshikwa na nini?" Mwingine akajibu, "Mwache, hana mke wa kumkataza."

Hilo liliniuma kidogo. Nilikata kwa nguvu zaidi.

Kilonzo alikuja. Alisimama na mikono nyuma, kama anavyosimama tukiwa kazini. Hakusaidia, hakuzuia. Baada ya muda akasema, "Kesho mwizi akichukua hata ndizi moja hapa, wewe hutakuwa na kazi kwa genge yangu."

Nikasema, "Sawa."

"Nimesema kweli."

"Nimesikia kweli."

Nikaendelea. Nikiondoka kwa genge, hata chumba si changu. Lakini panga lilikuwa tayari linashuka, na mtu hawezi kukata mti nusu.

Halafu niliwasikia kabla sijawaona. Wimbo wa kanisa, lakini wameubadilisha, wanauimba kama wa kulima. Wamefunga kanga viunoni juu ya nguo za ibada. Mbithe mbele, mkono umefungwa, anaelekeza na ule mwingine kama askari. Na katikati yao mke wa Kilonzo, na fimbo yake ya pembe mbili.

Kilonzo alimwangalia. "Na wewe?"

"Mayai yanayoibwa hapa ni yangu," akasema, akampita.

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kilonzo alivuta kofia yake mbele. Lakini hakuondoka.

Tulifanya kazi. Miiba hatukuchoma, moto karibu na reli ni makosa. Kila mwanamke alivuta tawi lake kwenda nalo kwake kwa boma ya mbuzi. Huko ndiko kazi yake ilipo. Tulifyeka kile kijia mpaka kwa maduka, kichaka kimerudi nyuma, sasa mtu akisimama kwa duka anaona miguu ya aliye kwa reli. Nguzo za boma tuliacha chache, na mti mmoja umelala juu yake, wa kuegemea na kuweka vikapu. Pande zote wazi. Ukitaka kutoka, unatoka popote.

Ilibaki duka la Abdi. Abdi ni Msomali, ananunua mbuzi wa Ikutha na Mutomo, anawapakia kwa gari. Duka lake linaipa stesheni mgongo, ukuta mzima hauna hata tundu. Maduka yote yako hivyo, yanaangalia barabara. Nilimwambia akate mlango nyuma.

"Mzee," akasema, "ukuta huu nilijenga na mbuzi. Kila bati ni mbuzi. Unataka nitoboe mbuzi?"

"Kata dirisha, basi. Dirisha ni mbuzi mdogo."

Alizungusha tasbihi. Halafu akasema, "Yule mama akilia siku ile mimi nilikuwa ndani. Nilidhani ni watoto wanacheza. Sikuona kitu." Akaenda kuita mtu wa msumeno. Sasa kuna dirisha, limepinda, halina hata fremu, na chini yake ameweka benchi. Amesema atakayekaa hapo kunywa chai aangalie stesheni, la sivyo chai itakuwa ghali.

Jua likishuka kidogo, masta alitoka ofisini kujinyoosha. Nilivua kofia. Nilimwomba nisimame kwa dirisha lake. Alishangaa, lakini akanipisha. Ndunge alikuwa nje na kikapu.

"Tembea," nikamwambia. "Nenda kila mahali."

Alitembea. Kwa nguzo, namwona. Kwa kijia, namwona. Nyuma ya mizigo, naona kichwa chake. Alikuwa anafanya mchezo, anainama, anajificha, anatokea anacheka, na wanawake wanampigia kelele. Masta naye aliangalia juu ya bega langu.

Halafu alipotea.

Nilingoja. Hakutokea. Nikatoa kichwa nje ya dirisha nikaita. Akatoka pale kwa tangi la maji ya gari, nyuma ya zile nguzo nene za mawe. Kutoka kwa masta haonekani. Nikamwambia arudi pale nyuma, Abdi aangalie kutoka dirisha lake tuone. Abdi akapiga kelele, "Hata mimi simwoni!"

Tangi hatuwezi kuvunja. Gari itakunywa wapi?

Masta alifunga dirisha polepole. Nilisimama pale na mikono inatoka damu, nikafikiria: kazi yote hii, na wezi bado wana nyumba.

Nilikwenda mpaka kwa tangi, Ndunge bado yuko hapo. Aliweka kikapu chini pale pale nyuma ya nguzo za tangi, akakaa.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Kuanzia kesho."

"Hapana."

"Baba, pakikaliwa na mtu, si pa kujificha tena."

"Pakikaliwa na wewe. Peke yako. Hakuna anayekuona."

Akacheka. "Mimi nimekwambia peke yangu? Mwaitu, mama yetu Mbithe, atakaa hapo kwa kona, anaonekana na masta. Mke wa Kilonzo upande huu, anaonekana na Abdi. Wao wananiona mimi. Na mimi nina mdomo." Halafu akaita hayo mayai yake, kwa nguvu yote, kama gari imeshasimama. Mbuzi wa Abdi waliruka. Kilonzo, aliyekuwa mbali kabisa kwa njia, aligeuka.

Nilitaka kumkataza. Mimi ni baba yake. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini niliangalia ile nafasi wazi tuliyofyeka, na wale wanawake wamekaa kila mmoja mahali pake wakijipimia, na nikaona kama nikimkataza nimejenga boma nyingine, ya mwanamke mmoja.

Sikumkataza.

Sasa yuko nje anachemsha mayai ya kesho. Zile nguo alizokunja amezirudisha kwa kamba.

Sijui masta atasema nini. Sijui kama mwizi atakuja. Kilonzo hasahau, namjua. Anaweza kuniondoa kwa genge hata kwa jambo lingine. Nikiondolewa nitabeba mizigo ya Abdi, nitafyeka shamba la mtu, lakini hapa sitoki. Nimeona kwamba mahali hapawi salama kwa sababu pamefungwa. Panakuwa salama kwa sababu watu wamekaa, na wanaonana.

Masta akisema hapana, nitamwomba aje akae kwa lile benchi, anywe chai, aangalie tena. Akisema hapana mara ya pili nitamwomba mara ya tatu.

Gari inakuja asubuhi. Itatukuta tumekaa.